Tajiri Anapolia Hali Ngumu

Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 2024 nilihudhuria arusi Nyali, mtaa wa wenye nazo hapa Mombasa, nikaketi meza moja na mtu tuliyesoma naye zamani. Ana yadi ya magari ya mitumba kando ya barabara ya kwenda Mtwapa na vyumba kadhaa vya kupangisha huko Kisauni. Pilau ilikuwa imeshaliwa, watu wakisubiri kahawa na halua, na maneno yakaangukia pale yanapoangukia siku hizi kila watu wakikutana: bei ya vitu. Bwana yule akashusha pumzi. "Ndugu yangu, msidhani ni nyinyi peke yenu," akasema. "Hata sisi tumeumia."

Sikumcheka, na hata leo simcheki. Alikuwa akisema kweli. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilinunuliwa kwa takriban Sh123. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imefika Sh160. Gari la dola 8,000 kutoka Japani, ambalo mwaka mmoja nyuma lingemgharimu Sh984,000, sasa lilitaka Sh1,280,000 kabla hata halijagusa forodha. Wanunuzi nao walikuwa wamepotea. Magari yalishinda yakipigwa jua na kunyewa na kunguru. Mwenye mali ya aina hiyo akikwambia halali usingizi, mwamini.

Kwa hiyo swali la kama matajiri nao huumia uchumi unapoyumba naliona jepesi. Huumia. Lililonikaa kichwani tangu siku ile ni jingine: kuumia kwake kuliishia wapi?

Alitusimulia mwenyewe, bila kuona kwamba kuna la kuonea haya. Magari yaliyokuwa tayari yadini, aliyoyalipia dola ikiwa bado chini, aliyapandisha bei sawa na yatakayokuja. Hilo Mombasa hufanywa na kila mwenye duka. Bidhaa ya jana huuzwa kwa dola ya kesho. Vijana watatu waliokuwa wakiyaosha magari akabakisha mmoja. Vyumba vya Kisauni vikaongezwa kodi, Sh1,000 kila chumba. Na fedha za magari machache yaliyouzika, badala ya kuagizia mengine, akazipeleka Benki Kuu. Hili la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuelekeza kwa mganga aliyemponya.

Tulia kidogo hapo Benki Kuu, maana ndipo kisa chenyewe kilipo.

Mwanzoni mwa 2024 Serikali ya Kenya ilikuwa na njaa ya fedha. Deni la Eurobond, yaani lililokopwa kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lilikuwa linaiva mwezi Juni na soko lilikuwa na wasiwasi kama lingelipwa. Februari, Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, na mwezi huohuo ikauza hatifungani ya miundombinu, yaani hati ya kuikopesha Serikali kwa riba, ya miaka minane na nusu. Ilitafuta Sh bilioni 70. Watu wakaja na zaidi ya Sh bilioni 288. Serikali ikachukua kama Sh bilioni 241 kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka. Riba ya hatifungani za miundombinu haikatwi ushuru. Mfumuko wa bei mwezi huo ulikuwa asilimia 6.3.

Sasa piga hesabu nami. Mtu aliyeweka Sh milioni 10, ambazo Nyali hazinunui nyumba ya maana, hupata zaidi ya Sh1,846,000 kila mwaka. Kwa mwezi ni kama Sh153,800. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Nairobi, Mombasa na Kisumu wakati ule kilikuwa Sh15,201. Ina maana Sh milioni 10 zilizolala zilikuwa zikilipwa sawasawa na vibarua kumi wanaoamka. Vibarua hula, huugua, husafiri kwenda kazini, na hukatwa mchango wa nyumba za bei nafuu na wa bima ya afya. Zile zilizolala hazikatwi chochote.

Nisionekane kama natia chumvi. Si kila aliyenunua hatifungani ni tajiri. Benki ndizo zenye fungu kubwa la deni la ndani la Serikali, na nyuma yao iko mifuko ya pensheni, ambamo hata mwalimu wa shule ya msingi kule Kilifi ana kipande chake. Lakini mwalimu huyo atakiona kipande chake akistaafu, kwa mafungu, baada ya wengi kupitisha mikono. Anayetaka kuingia kwa mlango wa mbele siku ile ile inapotangazwa anahitaji Sh100,000 kwa uchache, ndicho kiingilio cha hatifungani ya miundombinu. Ni mshahara wa kibarua wa miezi sita na nusu, akiwa hali wala halipi kodi.

Kwa hiyo bwana wa yadi aliumia upande mmoja na kuponywa upande wa pili, na kilichomponya ni kile kile kilichomuumiza. Dola ilipanda kwa sababu nchi ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni na hofu ya madeni. Riba ilipanda kwa sababu hiyohiyo. Mwenye akiba aliliona joto la kwanza akalala kwenye kivuli cha la pili.

Sasa twende Kisauni.

Mtaani kwetu kuna mama anayeuza mahamri. Si mpangaji wa bwana yule, ila kodi yake nayo ilipanda mwezi uleule, kwa kuwa wenye nyumba wa mtaa mmoja huambukizana ujasiri. Adhana ya alfajiri humkuta karai tayari liko motoni. Hamri lake limekuwa Sh10 kwa muda mrefu, na bado ni Sh10. Lakini mimi ni mteja wa miaka na jicho langu halidanganyiki: hamri lililokuwa likijaa kiganja sasa ni la vidole vitatu. Tui limekuwa jepesi, nazi moja inafanya kazi ya mbili. Iliki uisikie baada ya kuambiwa ipo.

Siku moja nilimtania. Akaendelea kugeuza mahamri na mwiko wake wa chuma, hakuinua macho. "Mwanangu, nikisema shilingi kumi na tano, hawa wa bodaboda watapita kama hawanijui. Hamri litapungua, mteja asipungue."

Hiyo ndiyo sera ya fedha ya Kisauni. Bwana wa yadi alipopandishiwa gharama aliipandisha bei, akapunguza watu na kuongeza kodi. Mama huyu amepandishiwa mafuta ya kupikia, ambayo hutozwa ushuru wa thamani (VAT) wa asilimia 16, amepandishiwa makaa, sukari na kodi ya chumba, na mteja wake hana cha kuongeza. Mteja mwenyewe ni wa bodaboda, ambaye petroli ilimfikia Sh214 kwa lita Oktoba 2023. Basi mama anapunguza hamri mpaka hamri haliwezi kupunguzwa tena, akifika hapo anapunguza nyumbani. Tusheni ya binti yake mkubwa ilisimama mwaka ule. Chai imekuwa ya rangi. Nilijua haya kwa sababu yeye mwenyewe alinieleza, si kwa kulalamika. Alikuwa akihesabu tu, kama anavyohesabu chenji.

Dhiki katika nchi hii hupokezanwa. Inamfika mkubwa, naye ana wa kumpa. Yule naye ana wa kumpa. Mpaka inafika kwa mtu ambaye nyuma yake kuna ukuta. Tukiuliza ni nani aliyeumia tutapata jibu la kila mtu, na kila mtu atakuwa mkweli. Inafaa kuuliza nani aliipitisha na nani ilimkalia.

Takwimu za Serikali zenyewe huficha jambo hili bila kukusudia. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6, tukaambiwa maisha yamepanda kwa kiasi hicho. Lakini kiwango hicho hupatikana kwa kutia kila kitu kapuni: chakula, nguo, usafiri, hoteli, karo. Chakula peke yake mwezi huo kilikuwa kimepanda kwa asilimia 15.8. Katika kapu la taifa chakula hupewa uzito wa karibu theluthi moja. Kapu la mama wa mahamri ni chakula na kodi ya chumba, basi. Asilimia 9.6 haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya mtu wa kati ambaye sijawahi kumwona Kisauni.

Na hata kile kidogo anachonunua hukinunua ghali. Wanaofanya kazi kwenye kampuni kubwa za bidhaa hujua biashara ya kadogo ina faida gani. Mafuta ya kupima ya Sh20, sukari ya karatasi, sabuni ya kipande. Ukizijumlisha pima zile hadi zifike lita nzima utakuta umelipa zaidi ya aliyebeba chupa kutoka supamaketi. Maji ndiyo yanayonikera zaidi. Mifereji ikikauka, na Mombasa hukauka mara kwa mara, mikokoteni hupita na mitungi ya lita 20. Kwetu mtungi umewahi kufika Sh30. Mitungi 50 ndiyo lita 1,000, kwa hiyo ni Sh1,500. Mwenye kisima na tangi juu ya paa hajui hata bei ya mtungi ni ngapi, na simlaumu kwa kutojua.

Mkopo nao ni mtungi. Mwaka ule ule ambao bwana wa yadi aliikopesha Serikali, mama alikuwa akikopeshwa na simu. Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ya Sh1,000, hata baada ya ada kupunguzwa Oktoba 2022, ina siku tatu za bure, kisha Sh6 kila siku. Sita ni kitu gani? Mpaka mwezi uishe ni zaidi ya Sh160 juu ya Sh1,000. Mmoja hupokea asilimia 18 kwa mwaka. Mwenzake hulipa asilimia 16 kwa mwezi. Rudia kuisoma sentensi hiyo, mimi iliponijia niliirudia. Serikali ilileta Hazina ya Hasla Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kwa hilo nampa haki yake aliyeifikiria, lakini mkopo wa kuanzia ni Sh500. Unanunua unga wa siku moja wa mahamri na kurudi kwenye simu.

Kuna kitu kingine alicho nacho tajiri ambacho hatukihesabu kwa sababu hakina stakabadhi. Ana uwezo wa kungoja. Tazama hisa za Safaricom, ambazo nusu ya wajomba zangu waliwahi kuzinunua. Mwaka 2021 hisa moja ilikaribia Sh45. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya Sh15. Kwenye karatasi watu walipoteza theluthi mbili ya mali yao, na magazeti yakaandika mabilioni yaliyoyeyuka. Mwenye uwezo hakuuza. Alizifungia, akaenda zake. Kufikia katikati ya 2025 bei ilikuwa imeshavuka tena Sh25. Mjomba wangu mmoja, mstaafu wa bandari, aliuza mwisho wa 2023 kwa sababu mkewe alilazwa. Wote wawili walikuwa na hisa zilezile za kampuni ileile. Hasara ya mmoja ilikuwa ya kuandikwa kwenye gazeti. Hasara ya mwenzake ilikuwa ya kweli.

Subira huvuta heri, tunaambiwa tangu madrasa. Ni kweli, ila nayo ina bei, na asiyekuwa na akiba hauziwi.

Wakati wa korona tulikiona kitu hiki wazi kabisa. Hoteli za pwani zilifungwa kuanzia Diani hadi Watamu, na wenye hoteli walipata hasara ya kweli. Nani atabisha? Hoteli tupu hula fedha kama yenye wageni. Lakini benki ziliagizwa kuwasikiliza wenye mikopo, zikawasikiliza: kufikia Februari 2021 mikopo iliyopangwa upya ilikuwa imefika Sh trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki nchini. Mfanyakazi wa hoteli aliyepelekwa likizo bila malipo alirudi chumbani Ukunda au Mtwapa, na hapakuwa na Benki Kuu ya kumwambia mwenye nyumba aipange kodi upya.

Mwaka 2020 Serikali ilipunguza pia ushuru wa mishahara. Aliyelipwa hadi Sh24,000 kwa mwezi alisamehewa wote, na kiwango cha juu kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25. Ilisifiwa sana, na haikuwa mbaya. Lakini kwa viwango vya wakati ule, mwenye Sh24,000 alibakiwa na karibu Sh1,600 zaidi, na mwenye Sh milioni moja alibakiwa na karibu Sh50,000. Mama wa mahamri hakuwa na hati ya mshahara ya kusamehewa. Ushuru wake yeye umo kwenye chupa ya mafuta.

Tukija kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, uliochapishwa Mei, nitausemea kitu kimoja ambacho katika kelele za mwaka ule kilisahaulika. Kila mtu anakumbuka mkate: ulipendekezwa kutozwa asilimia 16. Kulikuwa na pendekezo jingine, ushuru wa magari wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, usiopungua Sh5,000 wala kuzidi Sh100,000. Hebu liangalie hilo neno "wala kuzidi". Asilimia 2.5 hufika Sh100,000 kwenye gari la Sh milioni 4. Baada ya hapo, ngazi inakatika. Gari la Sh milioni 20 lingelipa Sh100,000 zilezile, sawa na nusu asilimia. Na kwa chini, mwenye kigari kikuukuu cha Sh150,000 angelipa Sh5,000, ambazo ni zaidi ya asilimia 3. Mtu aliketi ofisini, kiyoyozi kikivuma, akaandika sheria ambayo kadiri gari linavyokuwa la kifahari ndivyo mzigo unavyopungua, na akaiita mchango wa kila mtu.

Juni 18 kamati ya bunge iliyaondoa mkate na magari. Juni 25 vijana waliokuwa wakiandamana kuupinga waliingia bungeni, na siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kutia saini mswada wote. Kwa hesabu ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, kufikia Julai 1 waliokufa walikuwa 39. Waliouawa barabarani, kwa nilivyosikia, hawakuwa wenye yadi wala watoto wa wenye yadi, ingawa nakumbuka watoto wa Nyali pia walijitokeza Moi Avenue na mabango yao, na ni vyema hilo lisemwe.

Na kuna kejeli moja ya mswada ule ambayo bado inaniuma. Ndani yake kulikuwa na pendekezo la kuitoza riba ya hatifungani mpya za miundombinu asilimia 5 kwa wakazi. Tano tu, kwa zile mpya tu. Za zamani zingebaki bila kuguswa. Mswada ulipoanguka, nayo ilianguka. Jeneza lililobeba ushuru wa mkate lilibeba pia mojawapo ya vipengele vichache vilivyokuwa vikimlenga mwenye akiba kubwa. Sikumsikia mtu yeyote wa Nyali akilililia.

Wako watakaonijibu kwamba matajiri wamebebeshwa vya kutosha. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka viwango vipya vya asilimia 32.5 na 35 kwa mishahara inayozidi Sh500,000 na Sh800,000 kwa mwezi. Ni kweli, na iliwafika walengwa, meneja na rubani na daktari bingwa. Lakini hao ni matajiri wa hati ya mshahara. Sheria hiyohiyo, kuanzia Januari 2024, ilishusha ushuru wa kodi za nyumba za kuishi kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Yaani mwaka uleule mfanyakazi wa Sh40,000 alikuwa akikatwa asilimia 30 kwenye shilingi zake za juu, pamoja na asilimia 1.5 ya nyumba asizoziona, mwenye vyumba vya Kisauni alikuwa akipunguziwa. Na vyumba akavipandisha.

Lazima niseme neno kuhusu futari, maana wasomaji wangu wa pwani watanisuta nikilinyamazia. Bwana wa yadi ni mkarimu. Ramadhani ile aligawa paketi kama kila mwaka: mchele, unga, sukari, mafuta, tende. Wapangaji wake ndio wa kwanza kupewa, na wanamuombea dua kwa dhati. Mimi sipimi sadaka ya mtu. Hiyo ina Mpimaji wake. Ila nilikadiria paketi ile kwa bei za duka letu nikapata kama Sh3,000, na nyongeza ya kodi kwa mwaka ni Sh12,000. Kwa mwaka mmoja, kila mpangaji alikuwa amejinunulia paketi nne na kushukuru kwa moja.

Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Kwa miaka mingi niliikubali methali hii bila kuichunguza, na sasa naona inampa aliyeshiba udhuru asiostahili. Bwana yule anawajua wenye njaa kwa majina. Anajua nani kachelewesha kodi na kwa sababu gani, mtoto wa nani yuko hospitali, na nani akibanwa kidogo atatafuta. Maarifa hayo ni sehemu ya biashara yake. Na Serikali pia inawajua. Takwimu zake zasema asilimia 39.8 ya Wakenya walikuwa maskini mwaka 2022. Hakuna asiyejua. Tumetengeneza nchi ambamo mtu mwema, asiyedhulumu, afungaye Jumatatu na Alhamisi, anaweza kufanya kila kitu kwa mujibu wa sheria na dhiki yake ikaishia kwenye karai la mwanamke asiyemjua.

Nilipotoka arusini usiku ule alinipa lifti hadi Kongowea. Njiani alinieleza vizuri jinsi ya kufungua akaunti ya hatifungani kwa simu, kwa nia njema kabisa, kama ndugu. Nilimshukuru. Sikuwa na Sh100,000.

Hatifungani ile itamaliza kulipwa Agosti 2032. Kitindamimba wa mama wa mahamri alianza gredi ya kwanza Januari 2024, mwezi mmoja kabla haijauzwa. Mambo yakienda sawa, siku malipo ya mwisho yatakapoingia kwenye akaunti za watu, mtoto huyo atakuwa gredi ya tisa. Kati ya hapa na hapo, kila asubuhi ya shule, mama yake atamimina mafuta karaini, na shilingi kadhaa za kila chupa zitaondoka kwenda Nairobi.